Mlango wa Chuo cha Tiba ya Mifugo: Nani Huchaguliwa, na kwa Faida ya Nani?

Kila mwaka vijana wetu wanaomaliza Kidato cha Sita hujaza maombi ya kujiunga na vyuo vikuu, na miongoni mwao wapo wanaoomba kusomea udaktari wa mifugo. Kwa kijana mwenyewe, na mara nyingi kwa wazazi wake pia, jambo hilo huonekana kuwa ni hesabu ya alama tu: aliyepata alama za kutosha katika Kemia na Biolojia ataingia, na aliyepungukiwa atabaki nje. Anayetazama hivyo ameona nusu ya jambo. Alama ni kipimo, na kila kipimo kimetengenezwa na watu kwa shabaha fulani. Hapana budi tuulize: kipimo hiki kilitungwa na nani? Kilikusudiwa kumpata mtu wa namna gani? Na mtu huyo akishapatikana na kufundishwa, ng'ombe wa nani watatibiwa?

Makala hii inakusudia kufuata historia ya mlango huo wa chuo cha tiba ya mifugo, kuanzia ulipofunguliwa kwa mara ya kwanza Ulaya, hadi ulipofika kwetu wakati wa ukoloni, na jinsi Taifa letu lilivyojaribu kuugeuza baada ya Uhuru. Historia hii itawasaidia makada kupima sera, na itawasaidia wanafunzi kujua kwamba barua ya kukubaliwa chuoni ni hati ya deni kwa umma.

Chimbuko la vyuo hivi

Chuo cha kwanza cha tiba ya mifugo duniani kilianzishwa Lyon, Ufaransa, kwa amri ya serikali ya mfalme mwaka 1761, chini ya Claude Bourgelat. Wakati huo sotoka ilikuwa ikiua ng'ombe kwa wingi katika Ulaya, na dola iliyotegemea nyama, ngozi na wanyama wa kukokota haikuweza kustahimili hasara hiyo. Chuo cha pili kilifunguliwa Alfort, karibu na Paris, mwaka 1765. Nchi nyingine nazo zilipeleka vijana wao Lyon wakajifunze. Peter Hernquist wa Sweden alifika huko mwaka 1763, na baada ya kurudi kwao akaanzisha chuo cha Skara mwaka 1775. P. C. Abildgaard wa Denmark naye alisoma Lyon, akaanzisha chuo cha Copenhagen mwaka 1773.

Tuzingatie jambo moja hapa. Vijana hao walikwenda kusoma wakiwa wametumwa. Kulikuwa na tatizo nyumbani, akachaguliwa mtu wa kwenda kutafuta dawa yake, naye alitakiwa arudi na dawa hiyo. Uchaguzi ulitangulia masomo, na haja ya nchi ilitangulia uchaguzi.

Uingereza ilipofungua chuo chake London mwaka 1791, haja iliyotawala ilikuwa nyingine. Dola ile ilihitaji farasi wa vita, na matajiri wake walihitaji farasi wa magari na wa mashindano. Kwa miaka mingi ya mwanzo chuo kile kilishughulika na farasi kuliko ng'ombe, na jeshi lilikuwa mwajiri mkubwa wa wahitimu wake. Ng'ombe wa mkulima mdogo wa Kiingereza aliachwa mikononi mwa waganga wa kienyeji. Kwa hiyo tunaona kwamba tangu mwanzo elimu hii haikuwa ya wanyama wote kwa usawa. Mnyama aliyekuwa na thamani kwa tabaka lenye madaraka ndiye aliyepata daktari kwanza.

Mlango unapofungwa kwa jinsia na kwa rangi

Mara elimu hii ilipopata heshima na kipato, wenyewe walianza kuulinda mlango. Mfano wa kwanza ni wa mwanamke mmoja wa Ireland, Aleen Cust. Alisoma chuo cha tiba ya mifugo Edinburgh na kumaliza masomo yake mwaka 1900, lakini baraza la madaktari wa mifugo wa Uingereza lilimkatalia kufanya mtihani wa mwisho kwa sababu moja tu, kwamba ni mwanamke. Alifanya kazi hiyo mashambani kwa zaidi ya miaka 20 bila ya kuandikishwa. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1919 ya kuondoa vizuizi vya jinsia ndipo alipoandikishwa, Desemba 1922. Ujuzi alikuwa nao muda wote huo. Alichonyimwa ni hati.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Katika majimbo ya kusini vijana weusi walizuiwa kuingia vyuo vya tiba ya mifugo, ingawa wakulima weusi walikuwa na ng'ombe, nyumbu wa kulimia na nguruwe waliohitaji tiba kama wa wazungu. Mwaka 1945 chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, kilianzisha skuli yake ya tiba ya mifugo chini ya uongozi wa Frederick Patterson, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo. Tangu siku hiyo skuli hiyo moja ndiyo iliyowatoa sehemu kubwa ya madaktari weusi wa mifugo wa nchi ile.

Mfano wa tatu uko Afrika yetu. Afrika Kusini ilianzisha mafunzo ya tiba ya mifugo Onderstepoort mwaka 1920, mahali palipokuwa na maabara mashuhuri ya Arnold Theiler tangu mwaka 1908. Maabara hiyo ilijifunza magonjwa ya ng'ombe wa Kiafrika, katika ardhi ya Waafrika, lakini mwanafunzi Mwafrika hakupewa nafasi. Katika miaka ya 1980 utawala wa makaburu uliwafungulia weusi idara yao ya pembeni, kwa kufuata siasa yake ya kutenga watu. Idara hiyo iliunganishwa na Onderstepoort mwaka 1999, baada ya ukaburu kushindwa.

Mifano hii mitatu inatoa fundisho moja. Masharti ya kuingia chuoni huweza kuandikwa kwa lugha ya taaluma huku ndani yake yamebeba siasa ya wenye nguvu. Mtu asiyechunguza ataona karatasi ya mtihani tu, wala hataona mkono ulioishika.

Hali yetu wakati wa ukoloni

Sotoka iliingia Tanganyika mwaka 1891, ikitokea Pembe ya Afrika. Iliangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Wamasai waliita balaa la miaka ile Emutai, yaani maangamizi. Jamii zilizoishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe zilikufa njaa, na ndui ikawamalizia waliosalia. Mapori yaliyokuwa yamezuiwa na malisho na kilimo yakarudi, na mbung'o wakaenea pamoja nayo. Mjerumani alipokuwa akieneza utawala wake barani, alizikuta jamii nyingi za wafugaji zimekwisha kupigwa magoti na ugonjwa.

Sayansi ya Ulaya ilikuja ikifuata nyayo za utawala huo. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, aliitwa Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1896 kuchunguza sotoka, na kisha akafanya kazi katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, ambako pamoja na mambo mengine alichunguza ugonjwa wa mkojo damu wa ng'ombe. Mpwapwa ikawa kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo tangu enzi hizo za Wajerumani. Waingereza waliendeleza kituo hicho, na hapo wakafundishwa wasaidizi wa Kiafrika.

Neno "wasaidizi" lina uzito. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mkoloni alimfundisha Mwafrika kuvukuta. Alimfundisha kushika ng'ombe, kuchanja, kuhesabu mifugo kwenye mnada, kusimamia josho na kupeleka taarifa kwa Bwana Mifugo Mzungu. Kujua kwa nini chanjo inafanya kazi, kuamua ni wilaya gani ifungwe kwa karantini na ipi ifunguliwe, na kupanga bei na masoko, hayo yalibaki kwa mwenye shahada, na shahada ilikuwa ya Ulaya.

Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilipokea vijana wachache wa Afrika Mashariki kwa mafunzo ya tiba ya mifugo. Hata hivyo vyeti vyao havikuhesabiwa kuwa sawa na vya Uingereza. Walirudi makwao wakawekwa chini ya ofisa Mzungu, wengine wakiwa na uzoefu kuliko yeye. Na ili kijana wa Tanganyika afike Makerere, ilimbidi kwanza apenye matundu ya chujio refu: shule ya msingi iliyo umbali wa kutembelea, mtihani wa darasa la nne, mtihani wa shule ya kati, kisha shule chache za sekondari ambazo nafasi zake zilihesabika. Mtoto wa mfugaji anayehama na mifugo kufuata maji na malisho aliangukia tundu la kwanza. Kwa hiyo wale waliolala na ng'ombe na kuamka na ng'ombe ndio waliokuwa mbali kupita wote na chuo cha ng'ombe.

Elimu ya mfugaji iliyopuuzwa

Je, watu hao walikuwa hawajui kitu? Mkoloni alidai hivyo, na wapo wasomi wetu waliorithi kasumba hiyo. Tuchukue mfano mmoja uliothibitishwa. Wamasai tangu zamani huondoa ng'ombe wao katika mbuga wakati nyumbu wa porini wanapozaa, wakisema nyumbu wachanga huleta ugonjwa unaoua ng'ombe. Walihama malisho mazuri, yenye majani mabichi ya mvua, kwa ajili ya kuogopa ugonjwa huo. Kwa macho ya ofisa mgeni huo ulikuwa ushirikina. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti Muguga, Kenya, walitangaza kwamba wamekipata kirusi cha ugonjwa huo ndani ya nyumbu. Tunajua sasa kwamba ndama wa nyumbu ndio wanaokieneza hasa katika miezi yao ya mwanzo. Maabara ilikuwa imefika mahali ambapo mchungaji alikuwa amesimama kwa vizazi vingi.

Mfano huu hauna maana kwamba maabara haina kazi. Mfugaji alijua ugonjwa unatoka wapi na namna ya kuukwepa, lakini hakuwa na njia ya kukiona kirusi wala kukipima. Maana yake ni kwamba kijana aliyekulia katika maarifa hayo anaingia chuoni akiwa na mtaji ambao hakuna mtihani wa Kidato cha Sita unaoupima. Mtihani unapoupa mtaji huo alama sifuri, Taifa linapoteza.

Uhuru na ujenzi wa chuo chetu

Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha watu kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya miaka zaidi ya 40, walituachia wahandisi 2 na madaktari wa binadamu 12, na asilimia 85 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaja takwimu zinazoonyesha wembamba wa mlango wenyewe: Desemba 1961 wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa Kidato cha Sita ni 176 tu. Hao 176 ndio waliotazamiwa kutoa waalimu, mahakimu, waganga, wahandisi, maofisa kilimo na madaktari wa mifugo. Kufikia mwaka 1967 Kidato cha Sita kilikuwa na wanafunzi 830.

Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilizinduliwa mwaka 1963, na nchi tatu ziligawana kazi. Udaktari wa binadamu ulikuwa Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Tiba ya mifugo nayo ilikuwa imehamishwa kutoka Makerere ikapelekwa Kabete, Nairobi, ambako mafunzo ya shahada yalianza mwaka 1962. Kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa daktari wa mifugo aliomba nafasi Kabete, au alitafuta ufadhili wa kwenda ng'ambo. Ushirikiano huo ulikuwa wa busara kwa nchi maskini, lakini ulikuwa na udhaifu wake: nchi yenye mifugo mingi iliutegemea mlango uliokuwa katika nyumba ya jirani.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazaliwa. Tayari kitivo cha kilimo kilikuwa kimeanzishwa Morogoro mwaka 1969. Mwaka 1976 kitivo hicho kiliongezewa mafunzo ya tiba ya mifugo. Uamuzi huo ulifanyika wakati wake. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kama Morogoro isingekuwapo, tungeukuta mlango wa Kabete uko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Tarehe 1 Julai 1984 Morogoro ikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kilipewa jina la Ndugu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, mtoto wa wafugaji wa Monduli, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka huo huo.

Azimio la Musoma: kubadili mizani

Kujenga chuo ni jambo moja, na kuamua nani aingie ni jambo jingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba kijana hatatoka tena Kidato cha Sita na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Baada ya kulitumikia Taifa katika JKT, atafanya kazi si chini ya miaka miwili. Halafu ataomba, na maombi yake yatapimwa kwa alama zake pamoja na mapendekezo ya mwajiri, ya wafanyakazi wenzake na ya tawi la Chama mahali pa kazi.

Nadharia ya uamuzi huo ilikuwa wazi. Mtihani unapima kichwa tu. Haumpimi mtu kama ataamka saa tisa ya usiku kwenda kumzalisha ng'ombe wa mjane kijijini. Kijana anayetoka bwenini kwenda bweni jingine, kwa gharama ya mkulima na mfugaji, hujiona ni wa tabaka la peke yake, na akihitimu hutaka kukaa mjini. Kazi ingemfundisha heshima kwa wafanyakazi, na wafanyakazi nao wangepata sauti katika kuchagua wasomi wao. Hakuna taaluma iliyohitaji fikra hiyo kuliko tiba ya mifugo, ambayo zizi ndilo hospitali yake.

Lakini mwanamapinduzi hapimi uamuzi kwa nia yake pekee. Huupima pia kwa matokeo, na matokeo yalionyesha kasoro nne.

Kwanza, idadi ya wasichana waliojiunga na Chuo Kikuu ilishuka. Msichana aliyeambiwa angoje miaka kadhaa aliolewa na kulea, na mapendekezo yake yaliwekwa mikononi mwa wakubwa wa kazi ambao wengi wao walikuwa wanaume. Mwaka 1976 ilibidi wasichana waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Ule mlango aliosukumwa nje Aleen Cust kwa sheria, dada zetu walikuwa wakisukumwa nje kwa utaratibu ambao haukuwataja kabisa.

Pili, somo la sayansi ni kama shoka, lisiponolewa hushika kutu. Kijana aliyekaa karani kwa miaka mitatu alirudi kwenye Kemia akiwa amesahau. Masharti yakalegezwa kwanza kwa baadhi ya masomo ya sayansi na ufundi, na katika miaka ya 1980 yakaachwa.

Tatu, barua ya mapendekezo ni silaha. Mkononi mwa kiongozi mwadilifu humlinda mwananchi. Mkononi mwa mkubwa mwenye chuki au upendeleo huwa rungu, na mfanyakazi anayesema kweli kazini huweza kupigwa nalo.

Nne, na hii ndiyo kasoro ya msingi, Azimio lilibadili mlango wa mwisho peke yake. Waliofanya kazi miaka miwili na kuomba walikuwa ni wale wale waliokwisha kufika Kidato cha Sita. Mtoto wa mfugaji aliyeangukia tundu la kwanza la chujio hakuwapo kwenye foleni hiyo, kwa hiyo hakuna tawi la Chama ambalo lingeweza kumpendekeza. Nusu ya pili ya Azimio lile lile, yaani elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, ndiyo iliyomgusa. Lakini shule za sekondari hazikuongezwa kwa kasi hiyo, na chujio likahama tu kutoka darasa la nne hadi darasa la saba.

Fundisho la kutokomezwa kwa sotoka

Kabla ya kuitazama hali ya leo, turudi kwenye sotoka, ugonjwa uliozaa taaluma hii Ulaya na kuvunja mgongo wa wafugaji wetu. Chanjo bora dhidi yake ilitengenezwa Muguga na Plowright na wenzake, na kuanzia miaka ya 1960 ilitumika Afrika nzima. Hata hivyo ugonjwa uliendelea kujificha katika maeneo ya wafugaji wanaohama, mahali ambapo magari ya serikali hayafiki na ambapo vita havikukoma. Sisi wenyewe ulitujia tena katika miaka ya 1980 na mwaka 1997.

Katika miaka ya 1990 ilipatikana chanjo isiyoharibika upesi kwa joto. Kusini mwa Sudan na katika nchi ya Waafar wa Ethiopia, wafugaji wenyewe waliochaguliwa na jamii zao walifundishwa kwa muda mfupi, wakaibeba chanjo hiyo kwa miguu hadi makambini. Walifanikiwa mahali ambapo vikosi vilivyotumwa kutoka mjini vilikuwa vimeshindwa, kwa sababu waliijua njia, walizijua koo, na mwenye ng'ombe aliwaamini. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia ya binadamu, baada ya ndui.

Ushindi huo ulipatikana kwa mikono miwili. Bila ya wasomi wa maabara chanjo isingekuwapo. Bila ya wafugaji chanjo ingeozea katika majokofu ya mjini. Katika taaluma yenye haja kubwa hivyo ya mikono hiyo miwili, swali la nani aingie chuoni ni swali la namna ya kuiunganisha katika mtu mmoja.

Hali ya leo

Leo njia ya kuomba ni nyingine. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, husimamia sifa za kujiunga. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja, na tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja. Shahada ya tiba ya mifugo Morogoro ni ya miaka mitano. Gharama zake, ambazo zamani zilibebwa na umma, sasa kwa wengi hubebwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mhitimu huandikishwa na Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003.

Upo pia mlango wa pembeni ambao vijana wengi hawaujui vya kutosha. Vyuo vya mifugo vya Mpwapwa, Tengeru na vinginevyo, ambavyo tangu mwaka 2011 vimewekwa chini ya wakala mmoja wa serikali, hutoa cheti na stashahada, na mwenye stashahada nzuri aweza kuomba shahada kwa sifa linganishi. Ukiutazama kwa makini, huu ndio mlango unaobeba fikra bora ya Musoma bila ya kasoro zake. Mtu anaanza kazi, anajulikana na wafugaji, halafu anapanda, na anachopimwa nacho ni ujuzi wake wala si barua ya mkubwa.

Ada za shule ya msingi zilifutwa, shule za sekondari za kata zikajengwa kwa wingi, na elimu bila ada imefika hadi Kidato cha Sita. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao mikononi mwa wafugaji wa asili, bado inawachuja watoto wa wafugaji hao mapema. Chujio la sasa halina jina la rangi wala jinsia. Ni shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia. Ni maabara yenye jengo lakini haina kemikali. Ni shule ya kutwa kwa mtoto ambaye boma lake limehama kilometa 30 kufuata maji. Mtoto huyo hakufeli mtihani wa kuingia chuo cha mifugo. Hakupata nafasi ya kuufanya.

Wajibu wetu

Kutokana na historia hii, kada ana kazi tatu mahali alipo. Ya kwanza ni kudai katika vikao halali kwamba mabweni, waalimu wa sayansi na vifaa vya maabara vipelekwe kwanza katika wilaya za wafugaji, kwa kuwa huko ndiko mlango wa Morogoro unakoanzia. Ya pili ni kuhakikisha kila kijiji chenye mifugo kinaijua ngazi ya cheti, stashahada na shahada, na masharti ya kila hatua, pamoja na taratibu za mkopo. Ya tatu ni kuwalinda wasichana wa jamii hizo wabaki shuleni, maana sera yoyote isiyowahesabu itawasukuma nje hata kama haikukusudia.

Mwanafunzi anayeomba nafasi naye ajiulize maswali ambayo fomu haiulizi. Je, ninajua ndigana kali inavyomwua ndama, au ninajua tu jina lake la kitabuni? Je, nimewahi kukaa joshoni siku nzima? Nikipewa nafasi hii, ni mfugaji gani atakayenufaika? Asiyekulia na mifugo asivunjike moyo, kwani miezi ya kungoja matokeo inatosha kwenda kumsaidia Ofisa Mifugo wa kata na kujifunza. Naye aliyekulia zizini asione aibu kwa alikotoka, wala asidhani kwamba zizi litamfanyia mtihani wa Kemia.

Vijana wale wa Sweden na Denmark walikwenda Lyon wakiwa wametumwa, na wakarudi kujenga vyuo vyao. Kijana wetu anayekubaliwa chuoni leo ametumwa vile vile, ingawa barua yake haisemi hivyo. Aliyemtuma ni mfugaji anayelipa ushuru mnadani, na mfugaji huyo anamngojea arudi.